Mayai Mapya na Jina la Papa Ramazani

Mmeniomba niwaandikie namna ninavyopika mayai yakamenyeka bila kuchubuka, kwa sababu nimestaafu na hakuna aliyebaki jikoni anayeyaweza. Nitawaandikia. Kikombe cha maji, mvuke, Salamu Maria, yote yatafika kwa zamu yake. Ila mvumilie kwanza hasira yangu, maana upishi huu ulimgharimu mtu jina lake, na kila mara mgeni aliponiambia "Maman Nabintu, mayai yako iko muzuri sana" nilitamani kumrushia mwiko.

Niliingia katika jiko la nyumba ile ya wageni, pale Nyalukemba, Bukavu, nikiwa msichana aliyejua kupika bugali na mboga ya sombe, basi. Siku ya kwanza mpishi mkuu, Papa Ramazani, hakuniuliza nimesoma wapi. Alitazama mikono yangu, akanipa wembe. "Kata kucha," akasema. "Ukucha mrefu unakula yai la mgeni." Kisha akaniwekea mbele trei mbili za mayai ya kuchemsha, akaniacha nimenye. Nilimenya mayai ya wageni wa semina tangu asubuhi hadi vidole vikanyauka, na aliporudi alilichukua moja tu, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalirudisha. Hakusema kitu. Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtu.

Papa Ramazani alikuwa mtu wa Uvira, wa zile jamaa za Waislamu wafanyabiashara ambao babu zao walitoka upande wa pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, nasi tulimtania kwamba anaongea kama redio. Alikuwa akinawa mpaka viwiko kabla ya kugusa kisu. Alipopakua nyama ya wafanyakazi alijipakulia wa mwisho, na kama haikumfikia alikula mchuzi. Nawaambia haya mapema ili mjue ni mtu wa namna gani waliyemwita mwizi.

Hazina yake ilikuwa sufuria ya presha. Huku kwetu milimani maji yanachemka upesi lakini yanachemka bure. Unaweza kuchemsha maharagwe mpaka makaa yaishe na bado yakagonga meno. Kwa hiyo ile sufuria ndiyo iliyotulisha. Kifuniko chake hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukiosha. Ule mpira wa mviringo aliutoa kila siku, akauosha peke yake, akaupaka mafuta kidogo kwa kidole, akautundika mbali na moto. Kile kidude cha juu kinachopiga filimbi alikipuliza kwanza kuona kama tundu liko wazi. Nyinyi wa leo mnaibamiza sufuria kama mlango wa kabati, halafu mnashangaa inavuja.

Mayai hatukuyapika humo. Mayai yalichemshwa majini kama kila mahali, na yalimenyeka vizuri tu. Kila mpishi alikuwa na siri yake ya kuelezea kwa nini. Mmoja alitia chumvi, mwingine ndimu, mwingine alitoboa yai kwa sindano, na Papa Célestin wa zamu ya mchana aliapa kwamba yai linamenyeka siku ambayo hujagombana na mke wako. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua lolote. Mayai yetu wakati ule yalitoka ng'ambo ya mto Ruzizi, yalisafiri kwa lori, yakalala ghalani, yakalala tena sokoni. Yalikuwa mazee. Sisi tulikula matunda ya uzee wake na kujisifu kwa chumvi yetu.

Halafu mpaka wa nchi ukaanza kusumbua, na mayai ya ng'ambo yakawa hayaonekani. Ndipo alipokuja Maman Furaha wa Kalehe, mfugaji wa kuku, ambaye alileta mayai yake kwa boti kila wiki mara mbili. Mayai yaliyotagwa jana! Mengine yalikuwa bado na manyoya yameganda juu yake. Gérant wetu, yule msimamizi wa nyumba, alifurahi sana, akaandika kwenye ubao wa mlango wa kuingilia: MAYAI YA KALEHE, MAPYA KILA SIKU. Sisi jikoni tulifurahi pia, mpaka tulipoanza kuyamenya.

Ganda halikutoka. Yaani lilitoka, lakini lilitoka na nyama yake. Unavuta kipande kidogo kama ukucha, kinaondoka na nusu ya ute mweupe, unabaki na kitu chenye mashimo mpaka kiini kinachungulia. Nilikata kucha mpaka nikatoa damu. Tulijaribu chumvi, ndimu, sindano. Papa Célestin alienda kumwomba mke wake radhi. Wapi! Na juma lile tulikuwa na semina ya wakubwa kutoka Kinshasa, mmoja wao akaliinua yai lake kwa uma mbele ya watu wote, akauliza kama panya wa Bukavu ndio wanaoanza kula kabla ya wageni.

Gérant alishuka jikoni bila hata kuvua koti. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa, nitamwachia hilo. Lakini alikuwa mtu wa ofisi, hajawahi kufuga kuku, na kichwani mwake, kama katika vichwa vya watu wengi wa mjini kwetu, yai zuri ni lile linalovua ganda kirahisi na yai linaloshika ni bovu. Mtu akishaamini hivyo, kuna njia moja tu ya kufikiri.

"Ramazani, mayai ya mupya iko wapi?"

"Ndiyo hayo, Papa Gérant."

"Usinidanganye. Yai ya mupya haiwezi kuwa ivi. Angalia! Inatoka na nyama yake. Iko ya zamani, iko inaoza. Maman Furaha analeta ya mupya, weye unaipeleka kwingine, unatupikia ya kuoza. Ao iko namna gani?"

"Sikupeleka popote. Nimepika yaliyoletwa."

Ndipo akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama na bakuli la maganda mikononi.

"Weye Nabintu, njo unamenyaka mayai kila siku. Yai ya muzuri inamenyekaka ivi?"

"Hapana, Papa."

"Donc, basi hii iko mubaya?"

Mnajua nilijibu nini. Niliamini hivyo hivyo kama yeye. Nilikuwa nimemenya mayai miaka sita na sikuwa najua yai. Nikasema, "Iko mubaya."

Kesho yake ikaja ile karatasi ambayo mfanyakazi wa Kongo anaiogopa kuliko homa, demande d'explication. Mkubwa anakuuliza kwa maandishi kwa nini ulifanya kosa, nawe unajibu kwa maandishi kwa nini ulilifanya. Nafasi ya kusema hukulifanya hawajaiweka. Papa Ramazani aliandika mistari miwili: amepika alicholetewa, hakuiba, Mungu ni shahidi. Gérant akasema Mungu hatii saini, inatakiwa saini ya mtu. Akaniletea karatasi nyingine, ameshaiandika mwenyewe, kwamba mimi mmenyaji nathibitisha mayai yalikuwa ya zamani. "Signe hapa, Maman." Nilitia saini. Sikutishwa, sikupewa kitu. Nilitia saini kwa sababu karatasi ilikuwa mezani na kalamu ilikuwa juu yake.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo, akapewa karatasi ile aisome, saini ya Gérant juu na yangu chini. Alivua aproni akaikunja, akatoa ule mpira kwenye kifuniko, akauosha, akaupaka mafuta, akanikabidhi mkononi. "Usiukaze kwa nguvu," akaniambia. "Ukikauka utapasuka." Ni hayo tu, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, mtu aliyewalisha maaskofu na mawaziri, akipita kwenye ndoo za takataka.

Sasa sikilizeni jambo linalonichemsha mpaka leo. Mwizi alifukuzwa, wizi ukabaki! Juma lililofuata mayai yalishika ganda vilevile, na lililofuata hilo, na mwezi mzima. Mtoto wa shule ya msingi angeuliza: kama mwizi ameondoka, nani anabadilisha mayai? Gérant hakuuliza. Alisema labda Ramazani ameacha wafuasi. Mayai yakaondolewa kwenye chakula cha asubuhi, wageni wakapewa ndizi, na mambo yakatulia kwa wote isipokuwa kwa mtu mmoja.

Mimi nilikuwa na kuku wawili nyumbani. Asubuhi moja mmoja akataga mbele ya macho yangu, nikaliokota yai lingali na joto lake, nikalitia katika maji baridi, nikayabandika motoni. Nilitaka tu kunywea chai. Nilipolimenya, ganda likashika. Likatoka na nyama yake, mashimo matupu, kama yale ya semina. Nilikaa chini pale kwenye sakafu ya jiko langu. Yai la nusu saa! Hakuna mwizi duniani anayeweza kumwibia kuku kwa kasi hiyo. Nikachukua jingine lililokaa wiki mbili kwenye kikapu, nikalipika vilevile, likavua ganda kama shati. Kumbe yai jipya ndilo linaloshika, na lile linalovua ganda kwa upole ndilo zee. Ule ubovu tuliomfukuzia mtu ulikuwa ndio ushahidi wake.

Kesho yake nikapika mengine mawili, jipya na zee, nikayafunga katika kitambaa, nikaenda ofisini kwa Gérant. Nilimweleza yote, nikamenya mbele yake. Alitazama, na niliona kwamba ameelewa, kwa sababu masikio yake yalibadilika rangi. Kisha akasogeza maganda pembeni kwa kalamu.

"Maman, dossier iko classé."

"Lakini, Papa, ule muzee hakuiba."

"Naelewa. Lakini iliisha kufungwa. Tukiifungua, watu ba juu watasema nini juu yangu?"

Ndivyo alivyosema, juu yake! Nikarudi jikoni nikamenya vitunguu, machozi nikavisingizia vitunguu.

Njia ya kuyapika mayai mapya niliipata baadaye, na sikuipata kwa akili. Siku moja maji yalikatika mji mzima, nilibaki na jagi moja, na Gérant alikuwa amewaahidi mayai wageni walioyaomba wenyewe. Kufunika trei nzima kwa maji ilikuwa haiwezekani. Nikachukua sufuria ya presha ya Papa Ramazani, nikamimina kikombe kimoja cha maji, nikaweka ndani kichujio cha bati, mayai nikayapanga juu yake yasiguse maji, nikafunga. Mvuke ulipoanza kupiga filimbi niliacha moto kwa muda wa kusali Salamu Maria kumi na tano, kwa mwendo wa misa, si kwa mwendo wa mtu anayefukuza basi. Kisha nikaipua kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, maana makaa hayana kitufe cha kupunguza, nikaiacha itulie kwa Salamu Maria kumi na tano nyingine, nikatoa mvuke uliobaki, nikayatumbukiza mayai katika yale maji baridi yaliyosalia kwenye jagi. Nikagonga la kwanza kwenye meza. Ganda lilitoka vipande viwili, pamoja na ngozi yake, na yai likabaki jeupe, laini, halina hata mkwaruzo. Lilikuwa yai la Kalehe lililotagwa jana.

Basi hiyo ndiyo siri yenu. Mgeni mmoja aliyesomea mambo ya kuku alinieleza kwamba ute wa yai jipya unang'ang'ania ngozi ya ndani ya ganda, na ukiupasha moto polepole unashikamana nayo; mvuke mkali unaupiga ghafla, ute unajikusanya na kuachia. Yai likikaa siku nyingi linapumua kupitia ganda na kulegea lenyewe. Sijui zaidi ya hapo. Ninachojua ni kwamba msijaze maji, msiweke mayai yaliyopasuka, msifungue kifuniko kabla filimbi haijanyamaza kabisa kama mnapenda nyuso zenu. Na maji ya baridi yawe tayari kabla, si mtu aanze kutafuta ndoo.

Nilidhani nimemwokoa Papa Ramazani. Nilijiambia, sasa wataona mayai ni yaleyale, kuku ni walewale, kilichobadilika ni sufuria tu. Siku ya tatu Gérant alileta wageni jikoni, akashika yai langu akawaonyesha. "Munaona? Tangu tulifukuza mwizi, mayai iko muzuri." Upishi wangu ulikuwa umegeuka kuwa ushahidi wa pili dhidi ya mwalimu wangu, na wa kwanza pia ulikuwa wangu. Alilirudia neno hilo miaka yote, kila alipokuja mgeni mpya, kama mtu anayesimulia kisa cha kuchekesha. Nilitamani kuacha kazi. Nilikuwa na watoto watano, sikuacha. Papa Ramazani alikuwa amehamia kwa binti yake, mtaa wa Kadutu; mara mbili nilimwona kwa mbali sokoni, mara mbili nikapita njia nyingine. Nyumba nyingine za wageni zilikataa kumchukua, kwa sababu Bukavu ni mji mdogo kuliko unavyoonekana.

Sherehe ya kuniaga mlikuwapo, kwa hiyo mnajua sehemu hii, ila wengi mlidhani nimelewa. Sikuwa nimeonja kitu. Gérant, nywele zote nyeupe siku hizi, alisimama na hotuba, na katikati ya hotuba akasema tena kile kisa chake. Tangu tulifukuza mwizi. Mezani kulikuwa na kitenge changu cha zawadi, kimefungwa utepe, na kwetu zawadi ya kuagwa haikataliwi. Ukiikataa umewatukana wote waliochanga. Nilikisukuma kurudi kwake.

"Papa Gérant, sitaikamata. Ngojeni hapa kwanza."

Maman Furaha alikuwa ameleta mayai asubuhi ile, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa pale na soda yake. Nilichukua kumi na mawili kutoka kikapu chake. Sita nikayatia katika maji baridi nikayabandika motoni, sita kwenye mvuke, na watu mia wakanisubiri huku bia zao zikipata joto. Nikarudi na mabakuli mawili, nikamwekea Gérant lile la mayai ya maji. "Menya, Papa." Alimenya. Lilitoka na nyama yake. La pili hivyo hivyo. Alipofika la tatu nikamenya la mvuke kando yake, likatoka jeupe, na Maman Furaha alikuwa amesimama.

"Donc miaka yote ile ulikuwa unasema mayai yangu iko ya kuoza?"

"Hapana, Maman, siyo yako, nilikuwa nasema..."

"Ulikuwa unasema Ramazani njo alibadilisha," nikasema. "Hakuna mutu alibadilisha. Nilikuonyesha mu bureau yako, ukaniambia dossier iko classé. Sasa andika."

"Maman Nabintu, iko mambo ya zamani."

"Kwako iko ya zamani. Kwake iko ya kila siku."

Aliandika, pale pale, juu ya karatasi yenye kichwa cha nyumba, na nikamkumbusha kupiga muhuri, kwa kuwa kwetu karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga. Kitenge nilikichukua baadaye. Ni kizuri.

Kesho yake nilipanda Kadutu na ile barua ndani ya Biblia ili isikunjike. Njia nzima nilikuwa nikijiona mshindi. Nilimkuta Papa Ramazani amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, macho yamefifia, mikono ile ile. Alinijua kwa sauti. Nikampa binti yake, Mwajuma, asome kwa nguvu, na majirani wakasogea. Hakuiba. Mayai yalikuwa mapya. Nyumba inaomba radhi. Mwajuma alilia kabla hajamaliza. Mzee alinyoosha mkono akapapasa karatasi mpaka akaugusa muhuri.

"Chini kuna majina mangapi?" akauliza.

"Moja, Papa. La Gérant."

"Ile ya kunifukuza ilikuwa na mawili."

Majirani hawakuelewa. Mwajuma naye hakuelewa. Nilikuwa nimebeba hasira yangu juu ya Gérant miaka mingi kiasi hicho, nikaitunza vizuri kuliko ule mpira wa sufuria, na nyuma yake nilikuwa nimejificha mimi mwenyewe.

"La pili lilikuwa langu, Papa."

"Najua, mwanangu. Nililisoma siku ile ile, macho yangali mazima." Akaondoa kidole juu ya muhuri. "Gérant sikumngojea. Yule hakunijua. Wewe ulisimama nami jikoni miaka sita."

Nilipiga magoti pale barazani, nikamwomba radhi kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. Hakusema amenisamehe na sikuthubutu kumuuliza. Alimwomba Mwajuma kalamu, akanielekezea barua kwa kidevu. Niliandika jina langu chini ya lile la Gérant, haraka haraka, na Mwajuma alipoinama kutazama akasema halisomeki.

"Andika tena," Papa Ramazani akasema. "Polepole."

Nikaandika tena.